Maswali na Majibu: Chuo Kikuu, Maabara na Wodi

Mwanangu anasomea udaktari. Mbona walimu wake wanashinda kwenye utafiti ilhali ada tunalipa wafundishe? (Mzazi, Morogoro)

Ada yako haijapotea, mzazi mwenzangu. Miaka ya 1950 Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, hospitali ya kufundishia ya Makerere. Aliona watoto waliovimba mataya, akaandika habari zao mwaka 1958. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na Anthony Epstein, mtafiti wa virusi aliyekuwepo ukumbini, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe huo kutoka Kampala. Safari moja ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester. Sampuli ilichelewa, maji yake yakafika yamechafuka, ungedhani imeoza. Kutazama kwenye hadubini, kumbe ni seli hai za saratani zinaelea! Kwa seli za namna hiyo kirusi cha Epstein-Barr kikatangazwa mwaka 1964, cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Huyo ndiye mwalimu ninayemtaka kwa mwanao.

Kwa nini tusifuate tu matibabu yaliyokwisha kuthibitishwa Ulaya? (Msomaji, Mombasa)

Yamethibitishwa kwa wagonjwa gani? Mtoto mwenye homa kali ambaye damu haizunguki vizuri, kule alikuwa akimiminiwa dripu ya haraka. Watafiti, wakiwemo wa Imperial College London na Makerere, walilipima jambo hilo kwa watoto 3,141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Ndani ya saa 48 walifariki karibu 11 kwa kila 100 waliomiminiwa, na 7 kwa kila 100 wasiomiminiwa. Mwaka 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. (Anayeharisha hadi kukaukiwa maji hakuhusishwa, huyo maji anayahitaji, tusichanganye.)

Nimeombwa mwanangu aingie kwenye majaribio ya chanjo. Si atakuwa panya wa maabara? (Mama, Bagamoyo)

Panya hasomewi fomu ya ridhaa, mama. Uliza kibali cha maadili kutoka NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na ujue unaweza kumtoa mtoto wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Chanjo ya malaria ya R21, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford, ilijaribiwa hapo hapo kwenu pia kabla WHO haijaipendekeza Oktoba 2023.

Walichukua damu zetu, hawakurudi na majibu. (Msomaji, Kilifi)

Hapo mna haki ya kulalamika. Kwenye nakala ya fomu mliyotia saini huwa kuna namba ya kamati ya maadili. Pigeni.