Muulize Shangazi: Krismasi pwani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tuko marafiki wanne, Temeke. Krismasi tunataka kutembea pwani, ila Zanzibar bei imetushinda. Twende wapi?

JIBU: Marahaba wanangu. Nendeni Kilwa! Pandeni basi la kusini pale Mbagala, mshuke Nangurukuru, mtafute usafiri hadi mji wa Kilwa Masoko. Kateni tiketi mapema, mwisho wa mwaka kila mtu anarudi kwao. Kibali cha kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya kale, mnachukulia Masoko. Vukeni asubuhi, kaskazi haijachachamaa. Msikiti Mkuu muuguse kwa macho tu: kuta zile ni matumbawe na chokaa, na magofu yako kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981. Mimi sioni pwani inayoishinda Kilwa. Pesa ya chakula changeni kabla, ashike mmoja. Na msipande chombo kisicho na majaketi okozi, hata nahodha aape vipi.