Je, akikubali kosa atatoka? Jibu kwa dada wa Katuba

Swali: Metre (wakili), mdogo wangu wa kiume ana miaka 22 na anaendesha pikipiki ya abiria. Juzi jioni mteja alimpa begi alifikishe mtaa wa Kenya. Polisi walimsimamisha njiani, wakakuta bangi ndani ya begi, na mteja haonekani tena. Mtu mmoja anayeshinda mbele ya parke (ofisi ya waendesha mashtaka) anatuambia kwamba mdogo wangu akubali tu na asaini, sisi tulipe dola 300, na kesi itaisha hapo hapo. Je, ni kweli? Na wakili ana faida gani ikiwa bangi ilikutwa mikononi mwake? (Dada, Katuba, Lubumbashi)

Jibu: Dada yangu, swali hili limeletwa mezani pangu mara nyingi kiasi kwamba ninaweza kulimalizia mwenye kuuliza kabla hajafika katikati. Hapana, si kweli. Ikiwa mdogo wako bado hajasaini, apelekewe neno leo hii kwamba asikubali jambo ambalo hakulitenda. Ikiwa amekwisha kusaini, nitafika huko.

Familia nyingi zinaamini kwamba PV ya polisi, yaani ile hati ya maelezo anayotakiwa kuisaini, ni karatasi ya kupita tu, na kwamba kijana atajieleza vizuri atakapofika mbele ya hakimu. Sijui imani hii ilianzia wapi, ila ninajua imewafikisha wangapi katika gereza la Kasapa. PV haibaki kwa OPJ, ofisa wa polisi wa upelelezi, aliyeiandika. Inakwenda pamoja na jalada hadi parke, kutoka parke inafika kwa hakimu anayeamua juu ya kifungo cha kungoja kesi, kisha inaingia mahakamani, na siku mdogo wako atakapofungua kinywa chake mbele ya majaji, wao watakuwa wamekwisha kuyasoma yale aliyosema usiku ule akiwa na njaa na hofu.

Tena angekubali nini hasa? Kuna tofauti kubwa kati ya kusema «begi lilikutwa kwangu» na kusema «nilijua kilichomo». La kwanza ni ukweli ambao kila mtu aliuona, naye hana sababu ya kuuficha. La pili ndilo moyo wa shtaka, kwa sababu mashtaka lazima yaonyeshe kwamba alibeba bangi akijua kwamba ni bangi. Yule mtu wa mbele ya parke anaposema «akubali tu», anamwambia kijana awafanyie waendesha mashtaka ile nusu ya kazi iliyokuwa ngumu kwao.

Jambo jingine ambalo watu hawalitazami ni lugha. Kijana anahojiwa kwa Kiswahili na PV inaandikwa kwa Kifaransa. «Nilipewa begi nilipeleke» linaweza kutoka upande wa pili likiwa kwamba alisafirisha bangi kwa ajili ya mtu fulani, bila mwandishi hata kuwa na nia mbaya. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 18, inataka mtu aliyekamatwa ajulishwe sababu za kukamatwa na mashtaka yake, si zaidi ya saa 24, katika lugha anayoielewa. Kwa hiyo aombe asomewe kwa Kiswahili kila sentensi, aombe lililokosewa lirekebishwe, na likikataliwa, asisaini. Kukataa kusaini si kosa. Kutaandikwa kwamba amekataa, basi.

Kuhusu faida ya wakili, kifungu cha 19 kinampa mtu haki ya kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua tangu uchunguzi wa polisi, na polisi haiwezi kumshikilia zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumkabidhi kwa mamlaka ya sheria. Katika saa hizo mimi sitafuti miujiza. Ninasoma PV ya ukamataji wa vitu: begi lilifunguliwa wapi, barabarani mbele ya watu au ofisini baadaye? Nani alikuwapo? Uzito uliandikwa, na ulipimwa na nani? Nani aliyetambua kwamba majani yale ni bangi? Halafu ninaulizia simu ya kijana, kwa kuwa namba ya mteja aliyempigia imo humo, na ninawatafuta waendesha pikipiki wenzake waliomwona akipewa begi. Ushahidi wa namna hii haungoji. Baada ya wiki mbili wale wenzake hawakumbuki tena ilikuwa siku gani, na simu imepotelea mahali ambapo hakuna anayeweza kupaeleza. Na siku hizo hizo ndizo familia inazozunguka nyumba kwa nyumba kuchanga dola 300.

Kama amekwisha kusaini, si mwisho wa kila kitu. Katika mahojiano ya kwanza parke, amweleze majistra, yaani mwendesha mashtaka wa pale, waziwazi kwamba hayakubali maneno yale, aeleze ni kwa nini aliyasaini, na ahakikishe maelezo hayo yanaandikwa. Ikiwa alipigwa, aseme, aonyeshe alama, aombe aonwe na daktari. Mateso ni kosa la jinai kwa sheria ya 9 Julai 2011. Hakimu hafungwi na PV. Anaipima pamoja na mengine. Lakini anayekana neno lake siku ya pili anasikilizwa kwa namna tofauti na anayelikana baada ya miezi sita.

Sasa zile dola. Sheria inayajua malipo ya aina mbili, na mabroka wa parke huyachanganya kwa makusudi. Ya kwanza ni faini ya mapatano, ambayo ofisa anaweza kuipendekeza pale tu anapoona kwamba mahakama yenyewe isingetoa zaidi ya faini. Inaingia katika hazina ya Serikali na inamaliza mashtaka. Ya pili ni dhamana, inayoamriwa ili mshtakiwa angoje kesi akiwa nje kwa masharti. Dhamana haimalizi chochote. Niliwahi kumpokea kijana ambaye familia yake ililipia «kila kitu», akatoka, wakanunua bia, wakacheza; mialiko miwili ya mahakama ikaja na hakuna aliyeijali, kwa kuwa waliambiwa kesi imekufa. Aliporudishwa ndani, jambo la kwanza nililolikuta katika jalada lilikuwa ungamo lake lenye saini. Karatasi ya malipo haikuwamo, maana haikuwahi kuandikwa.

Bila dhamana, njia inajulikana. Hati ya kukamatwa ya muda inayotolewa na parke inadumu siku 5, na ndani yake kijana anapaswa kufikishwa kwa hakimu. Hakimu anaweza kuamuru siku 15, kisha mwezi mmoja mmoja. Kila hatua kati ya hizo ni nafasi ya kuomba aachiliwe kwa muda, na broka haruhusiwi kusimama katika hata moja.

Nimewachoka watu hawa, siwezi kuficha. Yupo anayejiita metre bila kuwa na kadi ya chama cha mawakili, yupo anayeuza dawa ya kufunga kinywa cha hakimu, na siku hizi yupo anayesema kwamba Umoja wa Mataifa umekwisha kuruhusu bangi. Kura ya Desemba 2020 iliitoa bangi katika Orodha ya 4 ya Mkataba wa 1961 wa dawa za kulevya, ile ya dawa zinazobanwa zaidi, ikaiacha katika Orodha ya 1, ambamo bado inadhibitiwa, na haikubadilisha neno lolote katika sheria ya Kongo. Anayeshindwa kumlipa wakili, sheria ya 28 Septemba 1979 inayopanga kazi yetu imeweka ofisi ya ushauri wa bure katika kila chama cha mawakili, nayo haiko mbali na pale broka anaposimama.

Mwaka mmoja nililetewa mama ambaye broka alikuwa amemla pesa kwa wiki tatu, akimwahidi kila Ijumaa kwamba mwanawe atatoka Jumatatu. Kijana alikuwa na miaka 16. Kwa sheria ya 10 Januari 2009 jalada lake lilipaswa kwenda mahakama ya watoto tangu siku ya kwanza, si kumweka kashoni, yaani mahabusu, pamoja na watu wazima. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa ndani ya mkoba wa mama muda wote huo, kimekunjwa ndani ya plastiki, na hakuna mtu aliyekuwa amemwomba akitoe.