Muulize Nesi: Tangu aanze vidonge, Mama amekakamaa

SWALI: Shikamoo Nesi. Mama yangu ana miaka 76, na mwaka juzi daktari alituambia ana Alzaima, ule ugonjwa wa kusahau. Naishi naye hapa Tanga. Ikifika magharibi anafunga khanga zake na kusema anarudi kwao Pangani. Ukimzuia, anapiga. Huu mwezi wa tatu anatumia haloperidoli, dawa ya kutuliza akili, ya miligramu 5, kidonge kimoja usiku. Kelele zimepungua, ila udenda unamtoka, amekakamaa, na juzi ameanguka msalani. Kaka anasema tumwongeze kidonge cha asubuhi. Naogopa. Tufanyeje?
Binti, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie kaka yako asiongeze hata chembe.

Udenda, kukakamaa, kuanguka: hapo naishuku dawa kabla ya kuushuku ugonjwa. Haloperidoli huzuia dopamini, kemikali ambayo ubongo unaitumia pia kuendesha viungo. Mzee wa umri wa mama huanzishiwa kama nusu miligramu, kisha anaangaliwa. Yeye anameza mara kumi ya hiyo. Lakini usiikate ghafla kwa uamuzi wako. Wiki hii hii mrudishe kwa daktari, beba na paketi, sema wazi kwamba ameanguka, na uulize mambo mawili: tunapunguzaje, na tunaacha lini? Akipata homa kali huku mwili umekuwa mgumu, au akishindwa kumeza, usingoje miadi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Sikutishi bure. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwa dawa mpya za kundi hili wanapopewa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, na mwaka 2008 ikaziongeza za zamani, haloperidoli ikiwemo. Katika majaribio ya dawa hizo mpya, yaliyochukua kama wiki 10, walikufa takriban 4.5 kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa dawa, na 2.6 kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wapo wanaozihitaji kweli, kwa mfano anayeshika kisu au anayeteswa na hofu ya vitu asivyoviona mwingine. Hao nao wapewe dozi ndogo, kwa wiki chache, na waangaliwe upya.

Sasa hiyo magharibi. Miaka 28 nimefanya kazi wodini, na wazee wangapi nimewadunga sindano ya kuwatuliza bila kuuliza walienda haja kubwa lini! Akili ilinijia nyumbani, kwa mama mkwe wangu. Alinipiga kibao mbele ya wageni. Kumbe alikuwa na siku tano hajapata choo, na hakuweza kusema. Kwa hiyo kabla ya kidonge chochote muulizie mama choo, mkojo unaochoma, jino, magoti, maji anayokunywa. Daktari ampime mkojo. Na kama mnampa Piriton kwa ajili ya mafua au kumlaza, mtajie daktari, maana nayo huwavuruga wazee.

Washa taa kabla giza halijaingia. Akifunga khanga usimwambie "Mama, kwenu ni hapa." Kwake huo ni uongo, na atakupiga. Mbebee mzigo, muulize Pangani walikuwa wakipika nini saa hizi, mzunguke nyumba, mrudi ndani kunywa chai. Mama mkwe tulimzungusha hivyo jioni nyingi. Nyingine ilishindikana, tukakaa naye barazani mpaka usingizi ulipomchukua.

Andika kwenye daftari kila anapochachamaa: saa ngapi, nani alikuwepo, alikuwa amekula nini. Daktari atafurahi kuliona. Na huyo kaka, analala hapo nyumbani au anashauri kwa simu? Aje alale kwa mama siku tatu, nawe ukapumzike.