Hati za kukamatwa zinatolewa, mbona watu hawakamatwi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Hivi hii Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ina faida gani? Kila siku tunasikia hati imetolewa na mtu bado anapanda ndege anatembea. Si bora waunde mahakama ya muda vita ikitokea, kama walivyofanya kwa Rwanda, kuliko serikali zetu kung'ang'ania hii?

JIBU: Ndugu yangu, hasira yako naielewa kabisa ila naomba tuiangalie hiyo ya muda kwanza. Ile ya Rwanda Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiunda Novemba 1994, baada ya mauaji ya kimbari, watu washauliwa, washazikwa na wengine hata kuzikwa hawakuzikwa. Halafu mahakama ya namna hiyo inazaliwa kwa kura za Baraza, yani muuaji akiwa na rafiki mwenye veto, kura ya kuzuia uamuzi wa Baraza, ndo basi tena, wafiwa wabaki na msiba wao. Ndo maana tarehe 17 Julai 1998 nchi 120 zilipitisha Mkataba wa Roma, ndo huo ulioanzisha hii mahakama ya The Hague, 7 zikakataa, na 1 Julai 2002 mkataba ukaanza kufanya kazi.

Sasa hapo kwenye ndege umegusa penyewe. Mahakama haina hata askari mmoja wa kukamata mtu, kazi hiyo wameachiwa nchi wanachama. Omar al-Bashir, akiwa rais wa Sudan, alitolewa hati 2009 na bado akapokelewa kwenye nchi ambazo zimeridhia mkataba, yani zimekubali rasmi kufungwa nao, zulia kabisa limetandikwa, na hilo linaniuma mpaka leo. Lakini angalia serikali ikitimiza wajibu inakuwaje: Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji, alikabidhiwa na Congo 2006, mahakamani ikaoneshwa video ya kambi ya Rwampara yeye akiongea na makuruta, humo ndani kuna watoto ambao ukiwatazama tu unajua hawajafika miaka 15, na 2012 akatiwa hatiani kwa kuwatumia watoto vitani, akapewa miaka 14. Mi naona ni michache kwa utoto wa watu, lakini alihukumiwa.

Na nchi isiyojiunga, raia wake wakichinjwa na jeshi lao wenyewe nyumbani, mwendesha mashtaka hawezi kuingia mpaka serikali yenyewe ikubali au Baraza la Usalama limtume, kama lilivyofanya kwa Darfur kule Sudan 2005, yani tunarudi kulekule kwenye veto.

Kwa hiyo mwandikie mbunge wako, barua fupi tu inatosha. Muulize kama nchi yenu imeridhia mkataba au ilisaini tu ikaishia hapo, maana Marekani ilisaini 2000 na haijaridhia hadi leo. Kama imeridhia muulize kama ipo sheria ya nyumbani inayompa polisi nguvu ya kumkamata mwenye hati akishuka tu uwanjani. Hilo la sheria usikubali akujibu juujuu, bila hiyo polisi atasimama pale anamwangalia mtu anapita.