Kupuliza kioo kwa ajili ya kuchachushia: anza na kivalvu
Ndugu, umeuliza kama anayeanza anaweza kujifunza kupuliza kioo ajitengenezee mtungi wa kuchachushia na kile kivalvu cha maji cha kutolea gesi. Kivalvu unaweza kabisa, mtungi uache kwanza, ule unataka tanuru kubwa na mtu wa kukusimamia. Tafuta mirija ya borosiliketi, aina ya kioo inayovumilia moto kuliko kioo cha kawaida, ila usije ukaunganisha hizo aina mbili manake zikipoa zinasinyaa tofauti na kiungo kinapasuka. Mwanzoni piga zoezi moja tu, zungusha mrija kwenye moto wa gesi na oksijeni, mikono yote miwili mwendo mmoja, ukiona unalegea kama asali utoe motoni NDO upulize, kidogo kidogo. Kukunja mrija uwe na umbo la S la kivalvu, ile sehemu inayokaa maji, bila kubonyea ndo kazi yenyewe, mi ilinichukua muda sana. Ukimaliza kipoze taratibu kwenye tanuru kuanzia kama nyuzi 560 hivi za Selsiasi, ukiruka hapo kinaweza kupasuka hata wiki ijayo kikiwa kimekaa tu mezani. Na miwani ya didimiamu, ile inayochuja mwanga mkali wa njano wa kioo kikiwa motoni, vaa tafadhali, macho hayana spea. Kabla ya kukitumia pitisha kucha kwenye viungo vyote, ukihisi ufa usikiweke karibu na chakula.