Mtoto wa miaka 9 kuitwa shahidi: usimkaririshe

Dada, umeuliza umfundishe nini binti yako wa miaka 9 kabla hajaenda kueleza mahakamani alivyomwona jirani akimjeruhi mkewe. Nimefanya kazi ustawi wa jamii hapa Tanzania miaka mingi, na watoto wa aina hiyo nimekaa nao sana kwenye mabenchi ya mahakama. Jibu langu: usimkaririshe hata neno moja.

Nakumbuka mtoto mmoja wa darasa la tatu. Wakili wa utetezi, kwa sauti ya upole kabisa, akamuuliza, "Mama amekwambia leo useme nini?" Mtoto naye, bila hiyana, "Niseme alivaa shati jekundu." Shati aliliona kweli kwa macho yake! Ila kuanzia hapo likawa shati la mama.

Kuhusu kiapo, ondoa shaka. Sheria ya Ushahidi inamhesabu asiyezidi miaka 14 kuwa mtoto wa umri mdogo. Zamani hakimu alianza kwa kumpima kama ana ufahamu wa kutosha na anajua wajibu wa kusema kweli. Marekebisho ya 2016 yakabadili utaratibu: anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ahadi hiyo si mapambo. Mahakama ya Rufani ilipoketi Bukoba kusikiliza rufaa ya jinai Na. 168 ya 2018, ushahidi wa mtoto ulikosa thamani kwa sababu ahadi haikuchukuliwa inavyotakiwa. Majaji wakapendekeza maswali mepesi: umri wake, dini yake, kama anaelewa maana ya kiapo, kama anaahidi kusema kweli. Hayo atayajibu mwenyewe.

Shida kubwa mimi naiona kwenye malezi yetu. Mtoto mwenye adabu humwitikia mkubwa "ndiyo". Sasa muulize, "Alikuwa na panga, sivyo?" Ataitikia. Rudia swali lile lile mara ya pili, atabadili jibu, maana shuleni mwalimu akirudia swali ujue umekosa. Kwa hiyo hata nyumbani msimhojihoji, na shangazi zake wakanye. Akianza kusimulia mwenyewe, sikiliza, sema "ehe, ikawaje?" basi. Saa pia msimtajie. Akisema "tulikuwa tumetoka madrasa, taa bado hazijawashwa", hiyo inatosha na inaaminika kuliko saa kumi na mbili na nusu ya kupandikizwa.

Unachoweza kumwambia ni namna mambo yanavyokwenda pale. Kwamba "sijui" na "sikumbuki" ni majibu halali. Kwamba swali asilolielewa aombe lirudiwe. Na kwamba hakimu akiinama kimya anaandika, hajakasirika. Nimeona watoto wakinyamaza katikati ya maelezo kwa kudhani wameharibu. Mwombe mwendesha mashtaka mapema umpeleke akione chumba kikiwa kitupu, na mshtakiwa atakaa upande gani.

Siku yenyewe ale ashibe, beba maji na daftari la kuchorea. Usimwahidi kwamba leo yanaisha, kesi kupigwa kalenda ni jambo la kawaida, na akirudishwa nyumbani bila kusikilizwa atafikiri hawakumwamini.