Eti dabi lazima iwe mji mmoja?

SWALI: Salaam aleikum mhariri. Juzi pale Mkunguni tumezozana mpaka adhana ya isha ikatukuta. Mimi nasema Man United na Liverpool ni dabi, mwenzangu anakataa katakata, ati dabi ni timu za mji mmoja, basi. Nani yuko sawa? Kuna soda hapo.
– Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Soda ni yako, ila si kwa sababu unazodhani.

Mwenzako anapima kwa futi kamba, ndo shida yake. Uwanja wa Chelsea uko mtaa wa Fulham hukohuko London, kwa miguu tu unafika kwa timu ya Fulham wenyewe, lakini muulize shabiki wa Chelsea nani anamkosesha usingizi, atakutajia Tottenham au Arsenal kwanza. Ujirani mtupu hautoshi, lazima kuwe na kisa.

Na visa vitamu ni vya watu waliokuwa nyumba moja. Yanga ni ya 1935, mwaka uliofuata wengine wakajitoa wakaunda timu ambayo leo ndo Simba, na wote bado wako Kariakoo, huyu Jangwani yule Msimbazi. Everton nao walikuwa wanacheza Anfield, uwanja ambao leo ni wa Liverpool (wengi hawajui hii), 1892 wakakosana na mwenye uwanja, John Houlding, mambo ya kodi, wakahama, mzee akabaki na uwanja hana timu, basi akaunda Liverpool.

Sasa United na Liverpool, kati yao ni kama kilomita 50, na kisa wanacho, tena hakikuanzia uwanjani: pamba ya viwanda vya Manchester ilikuwa inashukia Liverpool na bandari inawatoza, wakachoka, wakachimba mfereji mpaka kwao, ukafunguliwa 1894, meli zikawa zinaipita Liverpool hivihivi. Mtu wa Lamu simwelezi bandari ikikosa meli mchukuzi analala na nini.

Kwa hiyo kule kwao mimi naiita uhasama, mkubwa kuliko dabi nyingi, ila dabi hapana, manake wa Manchester akifungwa anarudi zake na Jumatatu haonani na wa Liverpool. Lakini nyinyi? Mechi mmeangalia banda moja, mnaswali msikiti mmoja, na vichochoro vyenyewe punda wawili wakikutana mmoja arudi nyuma, sasa huyo aliyekufunga utamkwepa wapi? Hapo Langoni ni dabi kamili, hata kama Old Trafford, uwanjani kwa United, hawajui kama mpo.